Picha kwa hisani ya nani?

Chini ya picha nyingi kwenye kurasa za Kiswahili kuna maneno tuliyoyazoea hadi jicho linayaruka: "Picha kwa hisani ya mtandao." Wengine huandika "kwa hisani ya Google". Nami nimeyaandika mara nyingi, lakini siku hizi nikikutana nayo siwezi kuyapita, kwa sababu hisani ni neno lenye uzito wake. Hisani ni wema unaotendewa na mtu kwa hiari yake. Jirani akikuazima jembe, amekutendea hisani. Ukiruka ua ukalichukua yeye akiwa hayupo, hata ukitangaza kijiji kizima kwamba ni jembe la fulani, hisani haipo. Tena mtandao hauna hisani ya kumtendea mtu. Mtandao haujawahi kuchora picha.

Nazungumzia hasa michoro ya mashabiki. Mtu anampenda mhusika wa katuni ya Kijapani, au mchezaji mpira, au mwanamuziki. Anakaa chini anamchora kwa mkono wake, kisha anaiweka kazi hiyo kwenye akaunti yake bure ili mashabiki wenzake waione. Haina bei wala mkataba, na pengine ndiyo maana inaokotwa ovyo kuliko kazi nyingine yoyote. Leo ni picha ya wasifu ya mtu, kesho ni jalada la video, keshokutwa ni stika ya WhatsApp, na mwisho wa mwezi unaikuta kwenye fulana mnadani.

Kuna saluni moja ya kiume ninakonyoa. Ukutani wamebandika bango kubwa la vinaili: Naruto, yule kijana wa katuni ya Kijapani, ameketi juu ya paa jioni, mgongo kwetu, kitambaa cha kichwani kinapepea. Ni mchoro mzuri. Siku moja nikisubiri zamu yangu nilisogea karibu. Kona ya chini kulia, pale wachoraji wengi wanapoweka saini, vigae vya paa vinayeyuka ghafla. Mistari iliyokuwa imenyooka inageuka ukungu, kama vile mtu amepangusa rangi mbichi kwa kidole gumba. Pembeni mwa ukungu ule kimesalia kijimkia cha herufi, labda ya y, labda ya g. Hicho ndicho kilichobaki cha jina la mtu.

Kinyozi simlaumu. Aliagiza bango kwa mtu wa kuprinti, na huyo naye huenda aliikuta picha imeshapanguswa kwenye simu ya mtu mwingine. Hivyo ndivyo mambo haya yanavyokwenda: mikono mingi, na kila mkono unajiona msafi. Mchoro ukipita WhatsApp unabanwa ili uwe mwepesi, na taarifa zilizokuwa ndani ya faili zinaachwa njiani. Ukipita mara tano, mara kumi, vinavyokufa kwanza ni vile vidogo vidogo: nywele nyembamba, nakshi za nguo, na herufi za kona. Sura ya mhusika inafika salama, lakini jina la aliyeichora halifiki.

Wala sisi si wageni wa saini. Mwanamke anayejua kanga huipindua kwanza aone pindo, atafute yale maandishi ya Mombasa, "K.H.E. Mali ya Abdulla", ndipo aulize bei. Mtunzi wa shairi hutaja jina lake na kwao kwenye ubeti wa mwisho, na mhariri wa gazeti akiukata ubeti ule mtunzi atamwandikia barua. Tunajua kabisa jina linafanya kazi gani kwenye kazi ya mikono. Tunalisahau tukishika simu.

Mwaka 2021 mpangusaji nilikuwa mimi. Tulikuwa vijana watatu tukiendesha ukurasa wa mashabiki wa timu yetu, na siku hiyo mshambuliaji wetu alikuwa amefunga mabao mawili. Nilihitaji bango la haraka. Kwenye kundi moja la WhatsApp nikakuta mchoro wake: amefumba macho, jasho linamtiririka shingoni, jezi ameing'ata kwa meno. Nikaudaka. Nembo ya ukurasa wetu nikaiweka kona ya chini kushoto, juu ya saini, nikijiambia kwamba hapo ndipo penye nafasi. Nafasi ilikuwepo kwingine pia. Niliiona.

Laiki zilimiminika. Mtu mmoja akaandika, "Admin kumbe unajua kuchora!" Nikamjibu kwa alama ya mikono iliyokutanishwa. Sikusema nimechora, wala sikusema sikuchora. Siku ya tatu ukaingia ujumbe inboksi: "Shikamoo kaka. Samahani kwa usumbufu. Ule mchoro mliouweka juzi niliuchora mimi. Sina ugomvi na nyie, nilitaka tu kujua kama mliupenda."

Niliisoma ile samahani mara nyingi. Aliyepaswa kuomba radhi ni mimi, lakini adabu ya mdogo kwa mkubwa ilimfanya aanze yeye, na kwa shikamoo juu. Nilipomjibu tukazungumza. Alikuwa binti wa Mwanza, amemaliza kidato cha sita, anachorea kidole kwenye simu ambayo mchana ni ya mama yake, ya kupokelea oda za dagaa. Mchoro ule ulimchukua usiku nne. Akanitumia skrinishoti ya programu anayochorea: tabaka 31, moja juu ya lingine. Tabaka moja lilikuwa na matone ya jasho la shingoni tu, hakuna kingine.

Hakudai hela. Alichoumia, alivyoniambia, ni kwamba mdogo wake aliuona mchoro kwenye ukurasa wetu, akaupeleka shuleni kuonyesha kuwa dada yake ndiye aliyeuchora, na wenzake wakamwita mwongo kwa sababu nembo iliyokuwa juu yake ilikuwa yetu.

Kila nikilieleza jambo hili kwa mashabiki wenzangu, hoja ya kwanza inayorudi ni hii: naye si amechukua? Naruto si wake. Sura ya mshambuliaji si yake. Mwizi akiibiwa analalamika nini? Hoja hiyo inastahili jibu kamili, maana kisheria ina mguu wa kusimamia. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Kenya ya mwaka 2001, zinampa mwenye kazi ya awali haki ya kuamua nani aigeuze kuwa kazi nyingine. Mchoraji shabiki anaweza kweli kuwa anadaiwa na mwenye mhusika. Lakini deni hilo ni la watu wawili. Juma akidaiwa na Asha, wewe uliyesimama njiani hupati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuingiza mkono mfukoni mwa Juma. Mistari ni ya mkono wake, na namna alivyoangusha mwanga kwenye shingo ile haikutoka kwa mtu mwingine.

Tena huko Japani, ambako sehemu kubwa ya utamaduni huu imekulia, deni lenyewe lina taratibu zake. Soko la mashabiki la Comiket lilianza Tokyo mwezi Desemba 1975 kwa vikundi vichache vilivyouza vijitabu walivyochora wenyewe. Leo linakusanya watu kwa mamia ya maelfu. Kampuni zenye wahusika zinajua yanayouzwa pale, na nyingi zimechagua kunyamaza. Zinajua mashabiki hao ndio wanaoiweka hai hadithi baada ya kipindi kumalizika, na kwamba baadhi ya wachoraji wao wa kesho wanajifunzia palepale. Kwa muda mrefu makosa ya hakimiliki nchini humo yalishtakiwa pale tu mwenye haki alipolalamika. Sheria ilipobadilishwa, kuanzia Desemba 30, 2018, ili baadhi ya makosa yashtakiwe bila malalamiko, masharti yaliandikwa kwa namna iliyoviacha nje vijitabu vya mashabiki.

Ukimya huo ndio unaompa mchoraji shabiki pumzi, na una masharti yasiyoandikwa: kazi iwe ya mkono wako, idadi iwe ndogo, ibaki miongoni mwa mashabiki. Sasa anakuja mtu wa tatu, anaubeba mchoro, anauprinti kwenye fulana 500 na kuuza. Aliyevunja masharti ni yeye, lakini mwenye mhusika akikasirika jina atakaloliona kwenye mchoro, kama limebaki, ni la mchoraji. Ndiyo sababu kwenye Pixiv, mtandao wa wachoraji ulioanzishwa Japani mwaka 2007, utakuta wasifu baada ya wasifu una maneno mudan tensai kinshi: marufuku kuweka upya bila ruhusa. Kijana wa Nairobi au Dar aliyejifunza maneno mengi ya Kijapani kwa kutazama anime, haya nayo ayajue.

Kuna kisa cha mwaka huohuo 2007 ninachokipenda kuliko vyote katika habari hizi. Mwezi Agosti, kampuni ya Crypton Future Media ya mji wa Sapporo ilitoa programu ya kompyuta inayoimba, ikaipa sura: Hatsune Miku, binti mwenye mikia miwili mirefu ya nywele za rangi ya feruzi. Mashabiki wakaanza kutunga nyimbo kwa sauti yake na kumchora kwa wingi. Kampuni haikuwafukuza, ilifungua jukwaa lake, Piapro, watungaji na wachoraji wakutane humo na watumie kazi za wenzao kwa masharti yanayoeleweka. Desemba 7 mtunzi anayejiita ryo aliweka wimbo wake "Melt" kwenye mtandao wa video wa Nico Nico Douga. Wimbo ulishika. Picha iliyokuwa kwenye video ilichorwa na mchoraji anayejiita 119, na ryo hakuwa amemwomba.

Baadaye ryo alimtafuta 119 akamwomba radhi. Badala ya kumwambia aiondoe, 119 alisema angependa wafanye kazi pamoja. Hapo ndipo ilipozaliwa supercell, kundi la mtunzi mmoja na wachoraji na wasanifu kadhaa, ambalo mwaka 2009 lilitoa albamu kupitia Sony Music.

Nimeshasikia watu wakikisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba kuchukua bila kuomba hakuna neno, mradi mambo yanaishia vizuri. Mimi nakisoma kinyume. Kilichozaa kundi lile ni ule ujumbe wa radhi. Kama ryo angeandika chini ya video "picha kwa hisani ya mtandao" na kuendelea na shughuli zake, wimbo ungepata wasikilizaji wake palepale, na 119 angebaki mtu asiyemjua. Tena 119 angeweza kukataa, na ryo angelazimika kuishusha video iliyokuwa inapendwa na maelfu. Aliomba radhi huku akiwa na kitu cha kupoteza. Sisi wa kurasa tunaombwa tufute picha moja, tunamblock aliyetuomba.

Ukitaka kuona tabia hii ikiwa imevuliwa utu wote, tazama kilichotokea Twitter mwezi Desemba 2019. Wachoraji walikuwa wamegundua kwamba shabiki akiandika chini ya mchoro kuwa anautaka kwenye fulana, baada ya muda mfupi mchoro huo unauzwa kwenye maduka ya mtandaoni wasiyoyajua. Zilikuwa programu zinazopekua maneno hayo, kunyakua picha na kuipeleka dukani zenyewe. Basi wakazitega. Wakachora picha zenye maandishi yanayosema duka hili linauza kazi za wizi, wengine wakachora Mickey Mouse pamoja na maneno ya kuikaribisha Disney, kampuni yenye Mickey, ishtaki, kisha wakawaomba wafuasi waandike kwamba wanazitaka kwenye fulana. Fulana zikatokea sokoni na maandishi yaleyale kifuani. Hakuna jicho la binadamu lililokuwa limezitazama.

Nikikumbuka nilivyoifunika saini ya binti yule, nakiri kwamba sikuwa nimeutazama mchoro zaidi ya programu zile. Niliona mshambuliaji wetu, nikaona nafasi ya nembo. Jasho la shingoni sikuliona hadi nilipoonyeshwa tabaka lake.

Kuhusu sheria sitasema mengi. Kenya ilijiunga na Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania mwaka 1994, na mkataba huo, kwenye kifungu cha 6bis, unamhakikishia msanii haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake hata baada ya kuziuza haki zake nyingine. Ofisi za hakimiliki zipo: COSOTA ya Tanzania ipo, KECOBO ya Kenya ipo. Lakini binti anayesubiri simu ya mama usiku hatafungua shauri kwa ajili ya mchoro mmoja, na aliyeuchukua anajua hivyo. Anachotegemea ni adabu yetu, ndiyo maana adabu hii inanishughulisha kuliko vifungu.

Hoja nyingine, hii inatoka kwa wasanii wenyewe, inasema kunakili ndiyo shule yetu. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972, na hadi leo pale karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, kuna mafundi wanaochora chui na ndege kwa mtindo wake, wakijifunza kwa kuigana. Ni kweli, na hakuna ubaya. Lakini mwanafunzi yule anachora upya kwa brashi yake, amekaa bega kwa bega na anayemwiga, na mwalimu anamwona. Akikosea mkia wa tausi anasahihishwa. Aliyebofya "hifadhi picha" hajajifunza mkia wowote.

Kwa hiyo je, kumtaja mchoraji kunatosha? Wengi wa nia njema wamefika hapo na wakasimama: nimeandika jina lake, anataka nini tena? Kumtaja ni bora mara mia kuliko kumfunika. Hata hivyo kumtaja kunajibu swali la nani kachora. Swali la kama alitaka mchoro wake uwe hapo halijajibiwa. Binti yule angeweza kuwa shabiki wa watani wetu wa jadi aliyemchora mchezaji kwa kumpenda yeye tu. Jina lake lingekuwa chini ya bango la timu asiyoitaka, mbele ya watu wote anaowafahamu. Mwingine amechora mhusika aliyepoteza mzazi kwa sababu na yeye kafiwa. Anaukuta mchoro kwenye tangazo la kukopesha hela. Umemtaja jina, tena kwa herufi kubwa. Umemzidishia.

Kama unachotaka ni watu wauone tu, kitufe cha kushea kipo, na kinampeleka mtazamaji nyumbani kwa mchoraji. Tunakikwepa na kupiga skrinishoti kwa sababu tunataka laiki zihesabiwe kwetu, na hapo nakala yetu inaanza kushindana na kazi ya mwenyewe. Kama unataka kuutumia, soma kwanza wasifu wake. Wachoraji wengi wamekwisha kuandika wanachoruhusu, na baadhi wanaruhusu picha ya wasifu ilimradi uwataje. Kama hawajaandika, mfuate inboksi useme mambo kwa ukamilifu: mchoro upi, utakaa wapi, kwa muda gani, kuna hela ndani yake au hakuna. Ikiwepo hela, yake nayo iwepo. Usikate kona, usibadilishe rangi. Na humjui mchoraji kwa kuwa picha umeikuta Pinterest? Pinterest ni ubao wa kubandikia. Ipitishe picha kwenye TinEye au Google Lens uone ilianzia wapi. Ukimkosa kabisa, hujapata picha, tafuta nyingine.

Ukimya ndio unaotushinda zaidi. Tunaandika ujumbe asubuhi, jioni hatujajibiwa, tunasema tumeshaomba. Lakini kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka, hata kama mlango uko wazi na redio inasikika ndani. Sioni kwa nini mlango wa mchoraji uwe na desturi tofauti.

Bango lile la 2021 tulilitoa upya, saini ikiwa wazi kona ya chini kushoto na jina lake kwenye mstari wa kwanza wa maelezo, pamoja na radhi yetu kwake na kwa mdogo wake. Alinijibu, "Asante kaka, nimemwonyesha." Ametuchorea mara nyingine tatu tangu hapo, kwa malipo tuliyokubaliana naye.

Mwezi uliopita tulihitaji bango la mechi na yeye alikuwa kwenye mitihani ya chuo. Nikaona mchoro wa kipa wetu kwenye akaunti nisiyoifahamu, mzuri mno, vidole vya glovu vimetanuka hadi unahisi mpira unakuja. Nikamwandikia mwenyewe mara ya kwanza, ya pili, na ya tatu asubuhi ya mechi. Hakujibu. Bango lilitoka na picha ya jukwaa niliyoipiga mwenyewe kwa simu, imetikisika kidogo, na chini yake hatukuandika hisani ya mtu.